Mzigo nusu mwepesi nusu mzito: niupandishe ndege au nisubiri meli?

taa_na_vipuri:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, naandika nafuta naandika nafuta na jibu silioni. Nna mzigo uko tayari kiwandani, bara jingine kabisa, na kila ajenti nnayemuuliza ananitajia bei kwa lugha yake, mmoja anahesabu kwa kilo, mwingine kwa CBM (mita za ujazo), wa tatu akasema nitumie vipimo kwanza, nikamtumia, akarudi na kilo ambazo mzigo wangu hauna. Yani mizani inasema kilo 640 yeye ananiandikia 1,100. Nikahisi naibiwa mchana kweupe.

Mzigo wenyewe uko hivi. Boksi 40 za makava ya taa, ya plastiki, mepesi kabisa ila yanakula nafasi, kila boksi ni sentimita 60 kwa 50 kwa 50 na uzito kilo 7. Halafu boksi 20 za vipuri vya cherehani, sindano, bobini, gia, vyuma vitupu, boksi moja ni 40 kwa 30 kwa 25 tu lakini linavuta kilo 18. Vipuri vinasubiriwa, nna wateja mashine zao zimesimama na wananipigia simu kila siku. Makava hayana haraka hivyo ila nayo nimeshayalipia, hela imelala. Na kuna boksi mbili za taa za kuchaji zenye betri ndani, hizo bado hazimo kwenye hesabu, sapulaya hajanipa vipimo.

Mara iliyopita nilituma kila kitu kwa meli kwa sababu tu bei ilikuwa chini, mzigo umefika msimu wa mauzo umeshapita, nikalala na mali ndani miezi na miezi. Sitaki kurudia lile kosa. Sasa ndege au meli? Na hizo kilo 1,100 zimetoka wapi jamani?

godauni77:

Mkuu hapo hujaibiwa, umehesabiwa sawasawa, ila huyo ajenti alipaswa kukuelewesha badala ya kukurushia namba.

Ndege haiuzi kilo peke yake, inauza na nafasi. Tumbo la ndege linaweza kujaa makava yako mpaka mlangoni na bado uzito ukawa mdogo, sasa nani atalipia safari? Ndo maana kuna uzito wa ujazo. Chukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, unachopata ni kilo. Boksi lako la makava 60 x 50 x 50 ni 150,000, gawa kwa 6,000 unapata 25. Kwa hiyo boksi la kilo 7 linasafiri kama la kilo 25, na 40 zinakuwa kilo 1,000. Vipuri, 40 x 30 x 25 ni 30,000, gawa 6,000 unapata 5, boksi 20 ni kilo 100 za ujazo, lakini kwenye mizani ni 360. Jumlisha ujazo wote 1,100, jumlisha mizani yote 640, wanachukua kile kikubwa. Hizo ndo 1,100 zako.

Na angalia wale wa kupeleka mpaka mlangoni, wa vifurushi vya haraka, wengi wao wanagawa kwa 5,000 sio 6,000, boksi lile lile la makava kwao linakuwa kilo 30. Ukilinganisha bei za ndege uliza kwanza mnagawa kwa ngapi, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Meli hesabu yake nyingine. Ukishea kontena na wenzako unalipa kwa CBM au kwa tani, kile kilicho kikubwa, CBM 1 inahesabika sawa na tani 1. Makava yako ni 0.15 mara 40, CBM 6. Vipuri 0.03 mara 20, CBM 0.6. Jumla 6.6, na uzito wako haujafika hata tani moja, kwa hiyo unalipa 6.6 na habari ya kilo inaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei popote, pima boksi. Na upime boksi lililofungwa tayari limeshajaa, sio la kwenye katalogi, maana boksi likijaa linatuna na sentimita 2 kila upande kwenye boksi 40 sio kidogo. Uwanjani wanapima wenyewe na kipimo chao ndo kinachoingia kwenye invoisi.

mtu_wa_kontena:

Ungekuwa na CBM 15 hivi ningekwambia chukua kontena zima la futi 20 uachane na kushea. Ndani kwa vipimo lina kama CBM 33 ila kwa upakiaji wa kawaida wengi wanaishia 25 mpaka 28. Kwa CBM 6.6 bado sana.

taa_na_vipuri:

@godauni77 asante sana mkuu, sa hivi nimeelewa na nimeona aibu kidogo kwa nilivyomjibu yule ajenti, nimemwandikia kumtaka radhi.

Ila hapo nimepata swali jingine. Kama ndege inaadhibu mzigo mwepesi wenye ujazo, basi kanuni si ni hii, chuma kipande ndege na makava yapande meli? Yani mzito kwa ndege mwepesi kwa meli?

bi_manifesti:

Ndugu yangu hapana, hapo umegeuza jambo na ni kosa nnaloliona sana. Nimefanya kazi ya kuandaa manifesti, zile orodha za mizigo, miaka mingi, ngoja nikupeleke taratibu.

Chukua CBM moja ya makava. Kwa ndege inalipa kilo 167 za ujazo, kwa meli inalipa CBM 1. Sasa chukua CBM moja ya vipuri vyako, hiyo ni kilo 600 za mizani. Kwa ndege utalipa 600, kwa meli utalipa CBM 1 ile ile. Umeona? Ukilinganisha ndege na meli kwa nafasi ile ile, ni chuma ndo kinachopata hasara kubwa zaidi kwa kupanda ndege. Meli inabeba uzito bila kulalamika mpaka tani moja kwa kila CBM. Kwa hiyo uzito peke yake hauamui kitu na wepesi peke yake hauamui.

Kinachoamua ni thamani kwa kila kilo inayolipiwa. Chukua invoisi ya vipuri ugawe kwa kilo 360, halafu chukua invoisi ya makava ugawe kwa 1,000, sio kwa 280, kwa 1,000 maana hizo ndo kilo utakazolipia. Weka hizo namba mbili pembeni ya bei ya ndege kwa kilo. Ile ambayo nauli inakula kipande kidogo cha thamani, ipandishe ndege. Ile ambayo nauli inakaribia bei ya mali yenyewe, hata mteja akikulilia usipandishe. Hiyo hesabu ni ya dakika tano na watu hawaifanyi, wanaangalia bei ya kilo wanashtuka, au wanaangalia siku za meli wanashtuka, basi wanaamua kwa kushtuka.

Halafu jambo la pili. Ukiwa umeamua vyote viende ndege, usikubali viandikwe kwenye AWB, ile hati ya mzigo wa ndege, mbili tofauti. Ukivitenganisha unalipa 1,000 za makava na 360 za vipuri, 1,360. Ukiviweka AWB moja unalipa 1,100, kwa sababu vipuri vizito vinajaza ule uzito ambao makava hayana. Kilo 260 zimepotea hewani kwa kuandika karatasi mbili. Maajenti wenyewe ndo wanavyopata faida hapo, wanakusanya mzigo mzito wa mtu mmoja na mwepesi wa mwingine wanavifunga pamoja, ni biashara halali kabisa, ila kama vyote viwili ni vya kwako basi hiyo faida ni ya kwako.

La tatu, bei ya ndege inakwenda kwa ngazi, kuna ngazi ya kuanzia kilo 45, 100, 300, 500, 1,000, na kila ukipanda ngazi bei ya kilo inashuka. Ukiwa na kilo 285 mara nyingi ni nafuu kulipa kama una 300. Mwambie ajenti akupe bei ya ngazi yako na ya ngazi inayofuata, uzilinganishe mwenyewe.

Na la mwisho, hili nalisema kwa msisitizo. Hayo makava ni umbo gani? Kama ni ya koni, kwa nini kila moja limekaa peke yake na hewa yake? Unasafirisha hewa kuvuka bahari. Muulize sapulaya kama yanachomekana, moja ndani ya jingine na karatasi laini katikati yasikwaruzane. Nimewahi kuona mzigo wa ndoo za plastiki umeshuka zaidi ya nusu ya ujazo kwa kupangwa upya tu. Bei ya kupanga upya ni ndogo sana mbele ya nauli, iwe ndege iwe meli.

taa_na_vipuri:

Dada bi_manifesti Mungu akubariki, sijawahi kuelezwa hivi. Nimekaa nimefanya. Vipuri nauli ya ndege inakula kama sehemu moja ya kumi ya thamani. Makava nauli ya ndege INAZIDI bei niliyonunulia. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kumbe mi nilikuwa nafikiria kuyapandisha yote ndege ili nisirudie ya mwaka jana, ningeumia vibaya sana.

Makava ni ya koni, ndiyo. Nimemwandikia sapulaya.

pakia_pakua:

Naomba niingie kwenye suala la siku, kwa sababu mkuu hapo juu mzigo wake wa kwanza ulichelewa na naona hakuna aliyemuuliza ulichelewa wapi.

Watu wanasema ndege siku moja meli mwezi. Ndege kuruka ni masaa, sawa, lakini mzigo wako hauruki ukifika uwanjani. Unasubiri nafasi, unakaguliwa kwa mashine za usalama, unafungwa kwenye paleti ya ndege, mara nyingi unashuka uwanja wa katikati unasubiri ndege ya pili, ukifika kuna forodha. Toka kiwandani mpaka mkononi kwako weka siku 5 mpaka 10, na usimwahidi mteja chini ya hapo. Karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani inasafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria, na abiria na mabegi yao ndo wanatangulia, yako yakikosa nafasi leo yanasubiri kesho. Halafu angalia kimo, kwenye matumbo hayo paleti ikizidi sentimita 160 haiingii, inabidi isubiri ndege ya mizigo peke yake, kwa hiyo mwambie sapulaya asipange boksi mpaka juu ya kichwa.

Kwa meli, zile siku wanazokuandikia, 30 au 35 au ngapi, ni siku za meli kuwa baharini. Hazina siku za mzigo kukaa ghalani kusubiri wenzako wajaze kontena, na kwa mzigo wa kushea hapo wiki inaweza kuondoka bila habari. Hazina siku za kusubiri meli ya pili kama kontena linashushwa bandari ya katikati. Hazina siku za kulifungua kontena upande wa pili na kutenganisha mzigo wa kila mtu, na kama mmoja kati yenu makaratasi yake yana tatizo, forodha wanaweza kulizuia kontena zima na wewe umo ndani. Kwa hiyo zile 30 ongeza wiki mbili mpaka tatu kichwani mwako ndo upange msimu wako.

Na bahari yenyewe haitabiriki. Mnakumbuka Ever Given, meli ya mita 400, ilipokwama Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, ikazuia njia siku sita. Ikanasuliwa tarehe 29, wengi wakadhani yameisha, kumbe meli ilishikiliwa pale Misri mpaka Julai na makontena ya watu ndani. Halafu toka mwishoni mwa 2023 meli nyingi zikaacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule chini kabisa Afrika, hapo kati ya Asia na Ulaya unaongeza siku 10 mpaka 14. Muulize ajenti meli inapita wapi, ni swali la haki kabisa na anayejua kazi yake atakujibu.

Kuna njia ya katikati ambayo haijatajwa, meli kwanza halafu ndege. Mzigo unapanda meli mpaka bandari kubwa yenye uwanja mkubwa karibu, Dubai na Singapore zinajulikana kwa hilo, halafu unamalizia kwa ndege. Bei inakaa katikati na siku zinakaa katikati. Kwa CBM 6 sijui kama itakulipa, ila uliza.

taa_na_vipuri:

@pakia_pakua umegusa penyewe. Mzigo wa kwanza ulikaa ghalani huko siku 12 kabla hata ya kupakiwa, na mi nilikuwa nahesabu toka siku ile nililipa. Nilikuwa namlaumu mwenye meli kumbe meli ilikuja kwa siku zake.

kalamu_ya_forodha:

Wenzangu wameongea vizuri kuhusu bei na siku, mi naongezea makaratasi na bima kwa sababu huko ndo nimeumia mwenyewe.

Kwanza tofauti ya BL, hati ya mzigo wa meli, na AWB. BL ya meli ile ya asili, original, ni kama hati ya kumiliki mzigo, anayeishika ndo anapewa mzigo. AWB ya ndege sio hivyo, mzigo anapewa yule aliyeandikwa mpokeaji, basi. Hii ina maana mbili. Upande wa usalama, kama hujamalizia kumlipa sapulaya, kwenye meli anaweza kushikilia BL mpaka umlipe, kwenye ndege akishatuma amekuachia, kwa hiyo usishangae akitaka hela yote kabla ya ndege. Upande wa usumbufu, mi nilishawahi kuwa na kontena limeshashuka bandarini na BL ya asili iko kwa sapulaya hajaituma kwa sababu ya sikukuu kwao ofisi imefungwa. Siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu, na dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, nayo inahesabu pembeni, vyote viwili vinatembea usiku na mchana. Nililipa zaidi ya nauli yenyewe. Toka siku ile nikimaliza kulipa naomba BL iachiwe kwa njia ya teleksi, yani original inarudishwa kule kule ilikotoka na mzigo unatolewa huku bila karatasi kusafiri. Omba mapema, usisubiri meli ifike.

Pili, mkataba wako na sapulaya umeandikwaje? Wengi wameandikiwa FOB na wanaona ni ya kila kitu. FOB ni ya meli, maana yake sapulaya anakukabidhi mzigo ukiwa umeshapakiwa melini. Ukigawanya mzigo na vipuri vikaenda ndege, kwa vipuri mwambie aandike FCA, yani anamkabidhi msafirishaji wako mahali mlipotaja, na uwanja wenyewe, ili ijulikane anakabidhi wapi na nani analipia nini mpaka hapo. Bila hivyo utaletewa gharama za uwanjani ambazo kila mtu anasema sio zake. Na bei yoyote utakayopewa uliza ina nini ndani na nini hakimo, mafuta, usalama, kupakua upande wako, kufungua kontena, ada za nyaraka. Kwenye meli ya kushea nauli inaweza kuonekana ndogo sana, halafu gharama za upande wa mwisho zikawa kubwa kuliko nauli. Ndo maana kwa mzigo mdogo kama vipuri vyako, CBM 0.6, ambao karibu kila ajenti atakuhesabia CBM 1 kamili kama kiwango cha chini pamoja na ada zote, tofauti ya ndege na meli sio kubwa kama inavyoonekana kwenye bei ya kilo.

Tatu, bima. Tafadhali usiseme msafirishaji atalipa. Mkataba wa Montreal wa 1999 unaweka kikomo cha fidia kwa ndege, sasa ni SDR 26 kwa kilo toka mwisho wa 2024, SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Na hiyo ni kilo halisi ya mzigo, boksi lako la makava ni kilo 7. Kwa meli, kwa nchi zinazofuata kanuni za Hague-Visby, ni SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kile kikubwa. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito, BL ikiandikwa "paleti 4" inaweza kuhesabika vifurushi vinne tu, ikiandikwa boksi 40 zilizopangwa kwenye paleti 4 basi ni 40. Soma rasimu ya BL kabla hujaikubali.

Halafu kuna hasara ya pamoja. Meli ikipata tatizo na ikalazimika kutoa mali au gharama kuokoa safari, wenye mizigo wote wanachangia hata kama mzigo wako haujakwaruzika. Kwenye ile Ever Given mwenye meli aliitangaza. Asiye na bima hapo anatakiwa kuweka dhamana ya hela toka mfukoni mwake kabla ya kupewa mzigo. Bima ya mzigo aina A, ile pana kuliko zote kwenye zile klozi za bima za London, inabeba hilo, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na usingizi utakaoupata.

Na paleti za mbao au makreti ya mbao hakikisha yana muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, mbao zimechomwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka katikati. Bila muhuri mzigo unaweza kuzuiwa au kurudishwa, na ni kwa meli na ndege vile vile.

bi_manifesti:

Asante kalamu, na hizo boksi mbili za taa za kuchaji nazo zisisahaulike. Betri za lithiamu-ioni zikiwa peke yake, namba yake ya mizigo ya hatari ni UN3480, haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria toka Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Zikiwa ndani ya kifaa, kama taa zako, ni UN3481 na zinaweza kusafiri ila kwa masharti, lebo, tamko, na sapulaya atoe muhtasari wa vipimo vya UN 38.3, yani majaribio ya usalama wa betri. Asipokuwa nao achana na hiyo safari kwanza. Na tafadhali asikushawishi mtu kuziandika "taa" tu na kuzichanganya na vipuri. Betri ikiwaka kwenye ndege angani hakuna wa kukimbilia, hapo ni roho za watu. Kwa meli nazo zinatamkwa, moto wa kontena baharini umeshaua mabaharia.

Tenganisha kabisa hizo boksi mbili. Zikiwa pamoja na vipuri na karatasi ikakosekana moja, vipuri vyote vinakaa chini na wateja wako wanaendelea kusubiri.

godauni77:

Naongezea kitu kimoja tu kwa mzigo wa meli, unyevu. Kontena linatoka kwenye joto linaingia kwenye baridi, mvuke uliomo ndani unageuka matone kwenye bati la juu na kudondokea mzigo, sisi tunaita mvua ya kontena. Makava ya plastiki hayaharibiki ila katoni inalowa, inalegea, ya juu inakandamiza ya chini. Vikitokea vyuma vingine siku za mbele vikapanda meli, vipakwe mafuta na vifungwe plastiki, kutu ya mwezi mmoja baharini sio mchezo. Mwambie sapulaya aweke vifuko vya kunyonya unyevu na atumie katoni za tabaka tano, sio tatu.

taa_na_vipuri:

Wakuu narudi na majibu, imechukua siku nne.

Sapulaya amejaribu kupanga makava upya, yanachomekana matatu matatu na karatasi katikati. Boksi 40 zimekuwa 15 za ukubwa ule ule, kila moja sasa kilo 18 na kidogo. Hiyo ni CBM 2.25 badala ya 6. Nilimwomba anitumie picha ya boksi moja limepimwa na futi imewekwa pembeni, katuma, 60 x 50 x 51, kwa hiyo godauni77 ulisema kweli boksi linatuna.

Nikarudia hesabu ya dada kwa makava yaliyochomekwa, kwa ndege yangekuwa kilo 375 za ujazo badala ya 1,000, sasa nauli imeshuka sana lakini bado inakula zaidi ya theluthi ya thamani, kwa hiyo yanapanda meli, kushea, na msimu wangu uko miezi minne mbele kwa hiyo hata nikiweka wiki tatu za pakia_pakua juu bado nawahi. Nimeuliza meli inapita wapi na inashusha wapi, nimejibiwa kwa maandishi.

Vipuri vinaondoka kwa ndege kilo 360, FCA, paleti moja kimo chini ya 160, bima aina A kwa vyote viwili. Rasimu ya BL nimeshaiona na nimewarudishia warekebishe kwa sababu kweli walikuwa wameandika "paleti 2".

Taa za kuchaji sapulaya anasema muhtasari wa UN 38.3 anao ila aliyonitumia ni ya modeli nyingine ya betri, namba hazifanani. Nimemwambia hazitoki mpaka alete ya betri yenyewe. Hapo nimekosea au niko sahihi?

bi_manifesti:

Uko sahihi kabisa. Usimlegezee. Namba ya modeli kwenye muhtasari lazima iwe ile ile iliyoandikwa kwenye betri, mwambie afungue taa moja apige picha ya betri akutumie, ulinganishe mwenyewe.